Wastani na Ulevi wa Vijana

Wastani ni msema kweli, lakini hasemi kweli yote. Mwenye njaa na mwenye kuvimbiwa wakihesabiwa pamoja, huandikwa kuwa wote wawili wameshiba.

Jambo hili lilidhihirika nchini Marekani katika uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Harvard juu ya pombe vyuoni, ulioongozwa na Henry Wechsler. Wanafunzi wa vyuo 119 waliulizwa katika miaka ya 1993, 1997, 1999 na 2001. Mnywaji wa kupindukia alikuwa mwanamume aliyekunywa vinywaji 5 mfululizo, au mwanamke aliyekunywa 4, walau mara moja katika majuma mawili yaliyotangulia. Mwaka 1993 watu wa namna hiyo walikuwa karibu 44 katika kila 100. Mwaka 2001 walikuwa karibu 44 vilevile. Mtazamaji wa haraka angalisema hakuna kilichobadilika.

Lakini jumla ile ilipogawanywa, mambo mawili yalitokeza. Wasiokunywa kabisa waliongezeka kutoka 16 hata 19 katika mia. Na waliopindukia mara tatu au zaidi katika majuma yale mawili waliongezeka pia, kutoka 20 hata 23. Waliopungua ni wale wa katikati. Vijana walikuwa wakiachana njia, na wastani umetulia kama maji ya mtungini.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa takwimu hawaridhiki na jumla. Huwapanga vijana kwa makundi, kisha hukadiria uwezekano wa mtu kuhama kundi moja kwenda jingine. Kazi hiyo yataka watu wale wale waulizwe tena na tena. Kwani uchunguzi uulizao watu wapya kila safari huonyesha ukubwa wa makundi, wala hauonyeshi nani aliyehama. Wakitoka 20 katika ulevi na kuingia 20 wengine, jumla haitikisiki, lakini maisha ya watu 40 yamegeuka.

Mkuu wa chuo atoaye waraka mmoja kwa wote humwonya asiyekunywa, naye anayezama hamfikii. Wa kwanza ahitaji mahali pa kuburudika pasipo pombe; wa pili ahitaji tabibu na mwenzi wa kumshika mkono. Hesabu njema haimpi mtawala faraja ya kwamba mambo ni yale yale. Humwonyesha mlango wa kubisha.