Nyuma ya Msalaba Kinafuata Nini?

Huko Roma lipo tao la mawe la kumtukuza Kaisari Tito, ambaye si yule Tito aliyeandikiwa waraka na Paulo. Mwaka 70 B.K. aliiteka Yerusalemu, na hekalu likateketea. Ndani ya tao hilo, upande mmoja amechongwa Tito akiwa juu ya gari la farasi. Upande wa pili watu wamebeba kinara cha taa, meza ya mikate ya wonyesho na tarumbeta za hekaluni. Kila apitaye huona nani alishinda na nini kiliporwa.

Sisi wa Pande hatuhitaji kwenda Roma ili tuyaelewe maandamano hayo. Kilwa Kisiwani ni jirani yetu. Mwezi Julai 1505 Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliuteka mji ule. Taarifa ya msafara wao wenyewe inasimulia kwamba mapadre walishuka pwani na misalaba miwili, wakiimba sifa, hata jumba la mtawala. Mkuu wao akasali hapo mbele ya msalaba. Kisha wakaanza kupora bidhaa na vyakula vya mji. Walijenga ngome, lakini mwaka 1512 wakaondoka.

Roma vyombo vitakatifu vilibebwa kama nyara. Kilwa msalaba ulitangulia, nyara zikafuata. Wapendwa, tunapoupitisha msalaba njiani Ijumaa Kuu, mbele ya jirani zetu Waislamu, tunapita katika nchi iliyokwisha kuyaona hayo.

Paulo aliyajua maandamano ya Kirumi. Katika 2 Wakorintho 2:14 alitumia neno la Kigiriki la maandamano yale yale, na wafafanuzi wengi humwona akijiweka miongoni mwa mateka. Aliyekuwa mtesaji ametekwa na Kristo. Mateka hana nyara mkononi. Bwana mwenyewe aliingia Yerusalemu juu ya punda wa kuazima, akatoka amebeba msalaba.

Basi tujiulize: nyuma ya msalaba wetu kinafuata nini? Kikifuata kijembe kwa jirani, au mpaka wa shamba uliosogezwa usiku, tumeandamana na Almeida. Kikifuata deni lililolipwa kwa wakati, na mikono yetu ikishika jembe kaburi la jirani linapochimbwa, jirani ataujua msalaba tunaoufuata ni wa nani.