Ukienda Kakuma, Rejeta Kwanza

UKITOKA Kitale alfajiri, mpenzi msomaji, vaa sweta. Makutano ya Kapenguria iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi utawakuta wenyeji wamejikunyata wakisubiri chai. Saa chache baadaye utashangaa sweta hiyo uliivaa ya nini. Barabara inateremka kwa kona nyingi hadi Marich, milima inabaki nyuma yako, na hewa inayoingia dirishani inakuwa kama ya tanuri ya mikate. Unapita Kainuk, unapita Lokichar, na baada ya safari ya karibu kilomita 300 unaingia Lodwar, mji ulio kama mita 500 tu juu ya bahari.

Safari hiyo nimeifanya mara kadhaa. Ile nisiyoisahau ni ya Februari mwaka 1996, ndani ya Land Rover kuukuu ya shemeji yangu. Nakusimulia kwa sababu hata leo, kila likizo inapokaribia, nasikia vijana na hata akina baba wenye familia wakiulizana waliongezee nini gari la zamani ili liweze safari ya kaskazini. Jibu la wengi ni moja: nguvu.

Pumzi ya kununua

Shemeji yangu, mwalimu, alikuwa amehamishiwa Kakuma. Gari lake lilikuwa Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita mbili na robo, yenye nguvu za farasi wapatao 70. Ni injini vumilivu lakini si ya haraka. Mlimani, malori yalitupita.

Dada yangu alitaka pesa zao za akiba zinunue rejeta mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imechomelewa mara mbili. Shemeji naye alikuwa amesikia kuna fundi jijini mwenye supachaja iliyotolewa kwenye gari jingine. Pesa zilitosha kitu kimoja tu. Mwenye gari ndiye aliyeamua.

Huenda unajiuliza supachaja ni kitu gani. Injini, kama binadamu, hupumua. Huvuta hewa, ikaichanganya na petroli, ikaiwasha. Hewa ikiwa nyingi zaidi, petroli nyingi zaidi inaweza kuungua na nguvu zikaongezeka. Supachaja ni pampu inayofungwa chini ya boneti na kuzungushwa na mkanda wa injini yenyewe, ili isukume hewa ndani badala ya kungoja ivutwe. Tabo hufanya kazi hiyo hiyo, ila yenyewe huzungushwa na moshi unaotoka.

Si jambo geni. Ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, walitengeneza pampu ya namna hiyo mwaka 1860, kabla gari la petroli halijazaliwa, na ilitumika kupulizia hewa tanuri za kuyeyushia chuma. Mwaka 1921 kampuni ya Mercedes ilionyesha magari ya kuuzwa yenye supachaja. Ndege nazo ziliihitaji, kwa kuwa kule juu hewa ni nyepesi na injini hukosa pumzi.

Ndiyo maana tulipopanda kutoka Kitale kwenda Kapenguria tulimsifu shemeji. Katika kimo kile hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa, na ile pampu ilikuwa ikiirudisha. Land Rover ilipanda kwa gia ya tatu mahali ilipozoea kupanda kwa gia ya pili. Watoto wawili walikuwa wakiimba kiti cha nyuma. Dada yangu alitazama nje akanyamaza.

Chini ya mgunga, Lodwar

Ukifika Lodwar usifanye haraka ya kupita. Mji huu uko kando ya mto Turkwel, na mikoma iliyo ukingoni ndiyo hutoa majani ya kusukia vikapu ambavyo akina mama wa Kiturkana huuza. Hapa ndipo alipowekwa kizuizini Mzee Jomo Kenyatta kuanzia 1959 hadi 1961, baada ya kutolewa jela ya Lokitaung. Ukisimama juani saa nane mchana utaelewa kwa nini serikali ya kikoloni ilipachagua.

Sisi tulisimama kwa sababu sindano ya joto ilikuwa imeanza kupanda. Fundi tuliyeelekezwa kwake alifanyia kazi chini ya mgunga, vifaa vyake vikiwa kwenye gunia. Alifungua boneti, akaitazama ile pampu inayong'aa, kisha akaigusa rejeta kwa kidole kama daktari anayepima homa.

"Mwalimu," akasema, "umempa huyu mzee chakula cha watu wawili. Lakini jasho umemwachia la mtu mmoja."

Maneno hayo yana hesabu ndani yake. Katika injini ya kawaida, karibu thuluthi moja tu ya joto la petroli ndiyo hugeuka kuwa mwendo. Kiasi kama hicho hutoka na moshi, na kinachobaki kwa sehemu kubwa huingia kwenye maji ya rejeta. Ukichoma petroli zaidi, maji nayo hupata joto zaidi. Rejeta hulitoa joto hilo kwa tofauti iliyopo kati ya maji na hewa ya nje. Maji yakiwa nyuzi 90 na hewa ya Nairobi nyuzi 20, tofauti ni 70. Hewa ya Lodwar ikiwa nyuzi 38, tofauti ni 52. Rejeta ile ile imepoteza karibu robo ya uwezo wake hata kabla hujawasha gari.

Tena hewa ikishindiliwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Supachaja ndogo huweza kuongeza nyuzi 40 au zaidi juu ya joto la nje. Hewa ya moto hufanya petroli kulipuka kabla ya wakati wake, na ndipo unaposikia injini ikigonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya mkebe. Pistoni nyingi zimetoboka hivyo.

Fundi alitaka kuitoa pampu pale pale. Shemeji alikataa. Basi fundi akampa kipande cha mpira na klipu mbili, akamwonyesha jinsi ya kuunganisha chujio la hewa na kaburata moja kwa moja. "Kukata mkanda peke yake hakutoshi," akamwambia. "Pampu ikisimama huziba njia ya hewa. Chukua, utanikumbuka." Hakutaka hata senti.

Dumu la mwisho

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi. Siku hizi sehemu kubwa ya njia kati ya Lokichar na Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, imetiwa lami mpya kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Wakati ule lami ya zamani ilikuwa imebaki vipande vipande, na madereva waliiacha wakapita kando yake mchangani. Hapo ndipo gari hulemewa: gia ndogo, injini ikinguruma, mwendo wa pole, na upepo ukitoka nyuma hivi kwamba hakuna hewa inayopenya mbele.

Tulichemsha mara ya kwanza kabla hatujafika nusu ya njia. Tulingoja mpaka injini ikapoa, tukamimina dumu zima la lita 20. Kilomita chache mbele tukachemsha tena. Safari hii mshono wa rejeta ulikuwa umeachia na maji yalidondoka mchangani, yakakauka mbele ya macho yetu.

Lilibaki dumu moja. Shemeji alikwenda kulichukua, akamkuta dada yangu amelikalia.

"Hili ni la watoto, Baba Achieng'," akasema. Hakupandisha sauti.

Mpenzi msomaji, nimewahi kuona watu wakigombana njiani kwa mengi. Sijaona ukimya kama ule. Hakukuwa na simu ya mkononi. Magari yalipita machache, na giza liliogopwa kwa sababu ya majambazi. Mtoto mdogo alikuwa ameacha kuimba muda mrefu, midomo imemkauka. Shemeji aliirudisha mikono yake mfukoni.

Waliotuokoa ni akina mama wawili waliokuwa wakichota maji lagani, umbali wa kutembea dakika 20. Laga, kwa wewe ambaye hujafika huko, ni mto usio na maji juu. Maji yamo chini ya mchanga, na watu huchimba mpaka wayafikie, wakati mwingine kina cha kumzidi mtu kimo. Mmoja alituona, akauliza "Ngakipi?", yaani maji, akawapa watoto kwanza kabla hatujaomba. Kijana mchungaji aliyejua Kiswahili cha shule alitufasiria alipouliza swali la pili: gari hili linakunywa kuliko ngamia?

Maji ya gari tulichimba wenyewe. Ilituchukua zaidi ya saa moja kujaza dumu, karai moja baada ya jingine, tukipokezana na shemeji shimoni. Alipotoka, alikwenda moja kwa moja kwenye boneti. Akaukata mkanda, akaondoa mabomba ya supachaja, akafunga kile kipande cha mpira kwa zile klipu mbili. Mshono tuliusiliba kwa sabuni ya mche. Injini ilitoa moshi mweusi, kwa kuwa kaburata ilikuwa imepanuliwa kulisha pampu, lakini haikuchemka. Tuliingia Kakuma usiku, tukisimama kila baada ya kilomita chache kuongeza maji ya lagani.

Kakuma uijuayo

Huenda umesoma mahali kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "mahali pasipo popote". Wewe unakijua Kiswahili, na unajua hatuna neno hilo. Kakuma ni mahali, tena penye watu wengi. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, wakati maelfu ya wavulana waliokimbia vita vya Sudan walipofika hapo, wengi wao kwa miguu. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina zaidi ya watu 200,000 kutoka nchi nyingi. Wengi wao walifika baada ya kupima maji yao kwa namna ambayo sisi tulionja nusu siku tu.

Ukitaka kujua ni gari gani linaaminika huko, simama barabarani uangalie. Kwa miaka mingi mashirika yalipendelea Toyota Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo wala supachaja. Si kwamba hawakuweza kununua kubwa zaidi. Walitaka injini isiyojisukuma kupita kiasi, na ambayo fundi wa chini ya mgunga anaweza kuifungua.

Sisemi supachaja ni mbaya. Huipa injini nguvu tangu mizunguko ya chini, jambo linalofaa sana mchangani. Ila haiji peke yake. Ukiifunga kwenye gari kuukuu, anza na rejeta nene zaidi, kifuniko chake kizima, feni nzuri, na kipoza hewa kati ya pampu na injini. Fundi arekebishe kaburata na wakati wa kuwasha cheche. Kumbuka pia ekseli za nyuma za Land Rover hizo, ambazo hukatika hata kwa nguvu zake za kawaida. Ukijumlisha yote hayo, utaona pampu ndiyo iliyokuwa rahisi.

Na kabla ya yote, jaribu lisilo na gharama. Ukiingia mchangani punguza upepo wa magurudumu, kwa mfano kutoka pauni 30 hadi 18, kisha ujaze tena ufikapo lami. Gari lililozama huondoka bila farasi hata mmoja wa ziada. Laga ikiwa na maji yanayokwenda, usivuke, hata kama kwako hakujanyesha. Mvua imenyesha mlimani. Na maji ya kunywa yafungwe mbali na maji ya gari, kila mtu ajue dumu lipi ni lipi.

Shemeji aliiuza supachaja mwaka huo huo kwa bei ya hasara. Rejeta mpya ilikuja kwa lori kutoka Kitale. Dada yangu ndiye aliyetia sahihi ya kuipokea, naye shemeji akaibeba begani mpaka nyumbani.