Bi harusi wetu wa katikati ya wavu



Wiki hii hatuna liwa wala singo. Tunataka kusema juu ya mpira wa wavu, na mwenzetu mmoja anayesimama katikati, ambaye mwezi ujao inshaallah ni bi harusi.

Wengi mnatujua kwa cherehani. Lakini Jumamosi baada ya Alasiri tunafunga duka, tunakwenda kwenye kiwanja cha skuli chenye ukuta mrefu, wanawake watupu, tunacheza mpaka Magharibi ikikaribia. Mwenzetu huyu alipokuja mara ya kwanza hatukumuuliza anajua nini. Tuliangalia urefu wake tu, tukamwambia, wewe kati. Mtaani wakimwita mnazi, na sisi tukadhani tumemheshimu. Kumbe tulifanya yale yale ya mtaani.

Mzuiaji wa kati ana kazi kuliko wote wavuni. Wa pembeni anamlinda zaidi mshambuliaji aliyemkabili. Wa kati anawatazama wote. Uwanja una upana wa mita 9, wavu wa wanawake una kimo cha mita 2.24, na yeye anatakiwa afike kokote mpira unakokwenda, aungane na mwenzake wa pembeni wajenge ukuta wa mikono minne. Akichelewa hatua moja panabaki tundu kati yao, na mpira unapita hapo hapo. Akishuka tu, anarudi nyuma kidogo halafu anaruka tena kama anayepiga mpira mfupi wa haraka, ambao mara nyingi hapewi. Anawababaisha wazuiaji wa upande wa pili ili mwenzake apige kwa nafasi. Yeye anaruka, makofi anapigiwa mwingine. (Wenye kupika shughulini mnaijua hali hii.) Akizunguka kwenda nyuma, kwa kawaida hupumzishwa, akaingia libero, yule mwenye jezi ya rangi tofauti ambaye haruhusiwi kuzuia wavuni.

Haya yote hatukumfundisha. Jumamosi moja mpira ukamgonga ncha ya kidole cha pete, kikavimba. Alhamdulillah hakikuvunjika, ila aliambiwa apumzike. Mama yake akaja dukani. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotuumiza. Alisema, "Wanangu, nyinyi mnamshonea nguo ya harusi au mnanivunjia mtoto?" Somo wake naye akasema mpira uishie hapo, mke wa mtu haruki ruki.

La mama lilikuwa la haki. Vidole vilivyolegea huumia upesi, na hakuna aliyewahi kumwambia avikaze.

Kidole kilipopona tukaanza upya, bila mpira. Mikono ikae juu usawa wa uso, vidole vimetanuliwa na kukazwa. Hatua ya pembeni kwa mwendo mfupi. Kwa mwendo mrefu, mguu uvushwe mbele ya mwenzake. Mikono ivuke wavu kuelekea kwao, lakini wavu usiguswe, maana ni pointi yao. Ashuke kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, asikanyage mguu wa mtu chini ya wavu. Kilichotuchukua muda mrefu ni macho. Mpira unapokwenda kwa mpangaji, aache kuutazama, amtazame mpangaji mwenyewe: mabega, mikono, mgongo. Kisha mpira. Kisha mpigaji. Akiruka kwa kubahatisha, keshapitwa.

Na ikabidi tutazame nguo pia. Kila akinyanyua mikono, shati lilipanda lote, akawa anazuia mpira huku anavuta nguo. Tukatia kikwapa kama cha kanzu, kipande kidogo tu, na taharizi ubavuni. Sasa mkono unapanda, shati linabaki chini ya nyonga. Ushungi ni wa kuvaa kichwani moja kwa moja, bila pini hata moja. Tusingoje mpaka pini imchome mtu. Mwaka 2016 Doaa Elghobashy wa Misri alicheza voliboli ya ufukweni kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro na hijabu yake, mbele ya dunia nzima. Sisi tuna ukuta.

Kwa somo tulikwenda na halua na kahawa. Tulimkumbusha kwa adabu kwamba Bi Aisha, radhiya Llahu anha, alishindana mbio na Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, naye alikuwa mke wa mtu. Somo akacheka, akasema basi mumewe aje akimbie naye. Ruhusa hakutoa, wala hakurudia lile neno lake.

Bi harusi akafanya lililo bora kuliko hayo yetu. Alimwambia walii wake, jambo likafikishwa kwa bwana kabla ya akdi: Jumamosi, wanawake watupu, nguo ya stara. Bwana aliuliza kitu kimoja tu, nani atamrudisha nyumbani. Dada zetu mnaojitayarisha, mkiwa na jambo kama hili lisemeni mapema, msingoje fungate.

Jumamosi iliyopita mama yake alikuja, akaketi kwenye benchi, pete ya uchumba kaishika yeye. Hakusema kitu mpaka seti ya pili. Kisha akatuita. "Huyo mwenzake wa pembeni," akasema, "mbona anamwachia tundu?"