Majini Wasemao Kiswahili: Hofu, Lugha na Upokezi wa Michezo Miwili

Upokezi wa kazi ya sanaa hauamuliwi na kazi yenyewe peke yake. Huamuliwa pia na masikio ya anayeipokea. Kauli hii, ambayo wahakiki wameizoea wanapojadili riwaya na tamthilia, ina manufaa vilevile katika utanzu mchanga wa usimulizi, yaani mchezo wa video wa kutisha. Mfano unaofaa ni Resident Evil 5, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 2009. Matukio yake yanatendeka Kijuju, mahali pa kubuni katika Afrika Magharibi, na maadui wake ni wenyeji walioingiwa na kimelea kinachowapokonya utu. Maadui hao wanaitwa Majini, na wanaposhambulia hupiga kelele kwa Kiswahili.

Mjadala ulianza kabla mchezo haujauzwa. Picha za kwanza, zilizoonyeshwa mwaka 2007, zilimwonyesha Mzungu mwenye bunduki akiwamiminia risasi Waafrika. Mwaka 2008 N'Gai Croal, aliyekuwa mwandishi wa jarida la Newsweek la Marekani, alisisitiza kwamba taswira za namna hiyo zina historia, na kwamba mtunzi hawezi kuzitumia kana kwamba hana habari nayo. Watetezi walijibu kuwa katika mchezo uliotangulia, wa mwaka 2005, waliouawa walikuwa wanakijiji wa Ulaya, na hapakuwa na malalamiko ya aina hiyo. Walimtaja pia Sheva Alomar, mwanamke Mwafrika anayepigana bega kwa bega na shujaa Chris Redfield. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Hata hivyo, hoja hizo zilijikita zaidi katika kinachoonekana, na kinachosikika kikapewa nafasi ndogo.

Msomaji wa Kiswahili anakwama kwenye majina kabla ya kufika kwenye risasi. Kijuju ni neno la Afrika Magharibi lililobandikwa kiambishi cha Kibantu. Kwa sikio la mzawa linafanana na jina la lugha kuliko jina la mji. Majini nao wana ukoo mrefu katika fasihi yetu. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, jini Huria anakumbuka fadhila, anaijua haki, na anawaadhibu wadhalimu. Katika uganga wa pwani pia, pepo anapompanda mtu, mganga humwuliza jina lake na haja yake. Jini wa Kiswahili, awe mwema au mwovu, ni kiumbe wa kuzungumza naye. Jini wa Kijuju hana jina wala haja. Neno lake ni ishara tu ya kumwonya mchezaji kwamba wakati wa kufyatua umewadia.

Uzito wa jambo hili haudhihiriki Mombasa au Unguja tu. Unadhihirika zaidi Turkana, ambako Kiswahili si urithi wa mababu bali ni daraja. Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lodwar, imekuwa makao ya wakimbizi tangu mwaka 1992, walipowasili wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka Ethiopia. Baadaye walikuja Wasomali, Wakongo, Warundi na wengineo. Shule za msingi za kambi hufuata mtaala wa Kenya, na Kiswahili ni mojawapo ya masomo yake. Mkongo alikuja nacho kutoka kwao. Mdinka na Mturkana hukutana nacho darasani na sokoni. Ndiyo lugha ambayo mgeni huweza kumwulizia mwenyeji maji, bei ya kuni, au njia ya kwenda Lodwar.

Tuseme msikilizaji wa Kakuma ameketi mbele ya mchezo huu. Hofu iliyokusudiwa na mtunzi inategemea kutoelewa: sauti za umati zisikike kama mvumo usio na maana. Kwake yeye mvumo huo una nomino na vitenzi. Huenda akacheka, maana kinachoeleweka hakitishi kwa namna ileile. Lakini kicheko hicho kina uchungu ndani yake, kwa kuwa lugha anayoombea maji imefanywa dalili ya kupotewa na utu. Hapo ndipo palipo hofu halisi ya mchezo huu, na haikuwekwa na mtunzi kwa makusudi. Wahakiki wasiojua Kiswahili hawakuwa na njia ya kuifikia.

Kosa la aina nyingine lilijitokeza katika kuupokea mchezo wa Salaam, wa Lual Mayen, mtunzi huru kutoka Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Si mchezo wa mazimwi, ila taharuki yake ni ya jamaa moja: mchezaji ni mkimbizi anayekimbia mabomu, akitafuta maji, chakula na dawa. Mwaka 2018 Mayen alitunukiwa katika hafla ya The Game Awards. Magazeti yalisimulia jinsi mama yake alivyodunduliza miaka mitatu kumnunulia kompyuta ya dola 300, na jinsi alivyotembea saa tatu kwenda kuichaji. Hiyo ni habari ya kusifika. Hata hivyo, sifa zilimwendea mtu, na kazi ikabaki mlangoni. Ni wachache waliohoji kama fani yake inatosha kubeba maudhui yake, au maana ya kumtaka mchezaji atoe fedha halisi mhusika anapoishiwa chakula.

Miongoni mwa Waturkana, emuron hukabili tishio kwa kuyasoma matumbo ya mbuzi: huinama, hutazama kila mshipa, ndipo hutamka. Uhakiki wa michezo hii ulitamka mapema mno. Wa kwanza uliishia kwenye ngozi ya wahusika, wa pili kwenye wasifu wa mtunzi. Wanafunzi wa fasihi wanaotoka Lodwar na Kakuma, waliozoea kuishi kati ya lugha nyingi, wanazo nyenzo za kuyasoma yaliyoachwa. Kazi ya kwanza iliyo mbele yao ni nyepesi kuitaja: kusikiliza Majini wanasema nini.