Safari ya Lwiro: tuwafundishe watoto kumtazama mnyama



Watoto wetu wengi hapa mjini hawajamwona mnyama wa pori ila tumbili aliyefungwa kamba kiunoni katika parsele ya jirani. Wanamrushia maganda ya ndizi, wanamvuta mkia, yeye anapiga kelele na wao wanacheka. Ndiyo maana kikundi chetu kiliamua kuwapeleka Lwiro, kwenye kituo cha kulelea sokwe na tumbili yatima. Leo tunawasimulia tulichokiona huko, kwa sababu kinatuhusu sisi akina mama kuliko tulivyofikiri.

Kutoka Bukavu ni kilometa 45 hivi kuelekea kaskazini. Tulikuwa akina mama 12 na watoto 21, tumebanana kwenye basi dogo pamoja na sufuria za bugali na sambaza. Ziwa tuliliacha upande wa kuume. Tulipita Miti, pale ambapo njia ya kushoto inapanda Tshivanga kwenye lango la mbuga ya Kahuzi-Biega, kisha Kavumu penye uwanja wa ndege. Baada ya hapo tuliacha barabara kuu na kupanda njia ya udongo kati ya migomba, mihogo na mashamba ya maharagwe. Hewa inakuwa baridi kidogo kidogo. Mwenye mtoto mchanga asisahau sweta.

Ghafla, katikati ya vijiji vya Kabare, yanatokea majumba makubwa ya mawe na matofali yenye bustani pana. Ni kituo cha utafiti ambacho Wabelgiji walikianzisha mwaka 1947, na leo kinaitwa CRSN. Mpaka sasa kina maktaba, na wataalamu wetu Wakongomani wanafanya kazi humo. Kando yake, mwaka 2002, CRSN pamoja na ICCN, yaani shirika la serikali linalolinda mbuga zetu, walifungua nyumba ya yatima wa msitu. Leo kuna zaidi ya sokwe 100, wale ambao wazee wetu wanawaita sokomutu, pamoja na tumbili wa aina nyingi na kasuku.

Tuseme wazi: Lwiro si bustani ya maonyesho. Hakuna mnyama aliyeletwa pale ili sisi tufurahi. Kila mmoja ana habari yake, na karibu zote zinaanza namna moja.

Sokwe jike huzaa mtoto mmoja, na hupumzika miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa mwingine. Mtoto hunyonya mpaka miaka minne au mitano. Kwanza hushikilia manyoya ya tumbo la mama, baadaye hupanda mgongoni kama watoto wetu kwenye kitenge. Usiku hulala kwenye kitanda cha majani ambacho mama anakitengeneza juu ya mti. Mama wa namna hiyo hamwachi mtoto wake. Mwindaji akitaka mtoto, anamuua mama kwanza, na mara nyingi wengine wa ukoo waliokuja kumtetea wanauawa pia. Nyama inaliwa au inauzwa, na mtoto anatiwa kwenye gunia au kikapu ili auzwe akiwa hai. Vita vya 1996 na 1998, na watu wenye silaha pamoja na wachimbaji wa madini walioingia ndani ya msitu, viliongeza biashara hiyo kwa wingi.

Kwa hiyo unapomwona sokwe mdogo mmoja, ujue nyuma yake kuna mama aliyekufa, na huenda shangazi na kaka pia. Tulipowaeleza watoto hivyo, kelele zilipungua zenyewe. Kati ya watoto wetu 21 wapo ambao hawana mama. Wao hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Yatima akifika anatengwa kwanza na wenzake, anapimwa magonjwa, anatibiwa majeraha ya kamba na mitego. Halafu anakuwa na mlezi wa kibinadamu, wa kumpa chupa ya maziwa na kumbeba. Mtoto wa sokwe asiyebebwa anaweza kukataa kula na kufa hata kama chakula kipo. Wengine hujikumbatia na kuyumbayumba mbele na nyuma, wengine hujing'oa manyoya. Mama aliyewahi kukaa na mtoto aliyetoka vitani anaijua hali hiyo. Hatua kwa hatua yatima anakutanishwa na sokwe wengine, mpaka apate ukoo mpya na kuingia pamoja nao katika uwanja mkubwa wenye miti, uliozungushiwa uzio wa umeme. Wakati huo mlezi anapaswa kumwachilia. Lengo ni arudi kuwa sokwe, asibaki kuwa mdoli wa mtu.

Jambo moja liliwachekesha akina mama njiani: katika vituo vya namna hii, sokwe majike nao wanawekewa kipandikizi cha uzazi wa mpango, kama kile tunachopewa sisi hospitalini. Sababu ni rahisi. Sokwe anaweza kuishi miaka 50 akitunzwa vizuri. Nafasi na chakula vina kipimo, na kila yatima mpya atahitaji mahali.

Sasa tuje kwa wageni, maana hapo ndipo tulipojifunza zaidi.

Tulipofika kwenye uzio, kijana wetu mmoja wa miaka tisa alitoa biskuti mfukoni ili amrushie sokwe. Mlezi alimzuia kwa upole, akamwomba airudishe. Mtoto alinuna: alitaka kumpa mnyama kitu kizuri. Lakini tazameni mambo yanavyokwenda. Sokwe wana wakubwa na wadogo kati yao. Biskuti moja ikianguka katikati, wanaigombania, na dhaifu ndiye anaumwa. Anayezoea kupewa huacha kutafuta majani na matunda, anakaa uziani siku nzima akinyoosha mkono. Asipopewa anakasirika, na sokwe aliyekasirika hurusha mawe na hata mavi. Watu wanacheka, wanamchokoza zaidi, naye anazidi. Mwishowe tunasema mnyama ni mbaya, kumbe ni sisi tuliomfundisha.

Halafu kuna suala la meno. Sokwe mmoja alitutazama akavuta midomo na kuonyesha meno yote. Watoto wakashangilia kwamba anacheka. Hapana. Sokwe anayeonyesha meno hivyo mara nyingi ana hofu. Anapocheza kwa furaha, mdomo huwa wazi na mlegevu, na meno ya juu yamefunikwa. Tuliwaomba watoto wanyamaze, warudi hatua tatu nyuma, wakae chini. Baada ya dakika chache kama kumi, sokwe walituacha wakaendelea na mambo yao. Jike mkubwa akaanza kumchambua mwenzake manyoya, kama sisi tunavyosukana nywele siku ya Jumapili. Wadogo wawili wakafukuzana kwenye mti. Watoto wakaona mengi kuliko wangeona kwa kupiga mayowe. Hilo halihitaji pesa wala elimu kubwa: ukinyamaza, mnyama anajionyesha mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kukaa mbali, nayo ni ugonjwa. Sokwe ni jamaa wa karibu sana na binadamu kwa damu na mwili, kwa hiyo mafua yetu ni mafua yao. Katika msitu wa Taï, nchini Côte d'Ivoire, wachunguzi walikuta virusi vya kifua vya binadamu ndani ya sokwe waliokufa. Kikohozi ambacho mtoto wako anakimaliza kwa siku tano kinaweza kuua ukoo mzima wa sokwe. Na mlango huo unafunguka pande zote mbili: Ebola na mpox zimetufundisha hapa kwetu kwamba magonjwa ya wanyama wa pori yanaweza kuingia nyumbani kwa nyama, kwa kuumwa, kwa kuguswa. Tumbili wa kamba anayemkwaruza mtoto wako si mchezo.

Tukiwa njiani kurudi, mama mmoja aliuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: kwa nini tumbili apate matunda na daktari, wakati watoto wetu wanalala njaa? Ni swali la haki, wala asiambiwe kwamba hapendi wanyama. Tulilijadili mpaka Miti. Fedha za kituo zinatoka kwa sehemu kubwa kwa wafadhili wa nje waliozitoa kwa kazi hiyo. Kituo kikifungwa leo, hazitageuka kuwa unga wetu. Lakini chakula cha wanyama kinanunuliwa kwa wakulima wa jirani, na walezi ni watu wa vijiji vile vile, wenye mishahara inayolipa shule. Hiyo si dawa ya njaa ya Kabare. Ni kitu kidogo, ila ni kitu.

Tena tusifiche upande mwingine. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na familia za Batwa zilizoishi msituni zikafukuzwa bila kupewa mahali pengine pa kweli. Mpaka leo jeraha hilo halijapona. Kumhurumia sokwe hakutupi ruhusa ya kumsahau mama Mtwa. Sisi tunaona huruma haigawanywi kama bugali, kwamba huyu akipata yule anakosa. Mtoto anayejifunza kutomchokoza kiumbe kilichofungwa, kesho atajua pia kutomchokoza mlemavu wala mkimbizi.

Jambo la mwisho ndilo zito. Wako watu wanaopita na mtoto wa sokwe au tumbili wakimuuza. Mtoto analia, ana kidonda, na wewe mama moyo unaumia, unataka kumnunua ili umwokoe. Usinunue. Fedha yako ndiyo inayomrudisha mwindaji msituni wiki ijayo, na mama mwingine atauawa. Biashara hii ina nguvu kweli: huko Lubumbashi, ambako kituo cha J.A.C.K. kinalea sokwe yatima tangu 2006 ndani ya bustani ya wanyama ya mji, mwaka 2022 watu waliingia usiku wakaiba sokwe wadogo watatu na kudai fidia. Tena Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inawalinda wanyama hawa: kumkamata sokwe, kumuua au kumuuza ni kosa. Ukiona anauzwa, peleka habari kwa ICCN au kwa mkuu wa mtaa, bila kugombana na muuzaji.

Kwa vikundi vinavyotaka kwenda, haya ndiyo tuliyoyaona yanasaidia:

Kwanza, ulizeni hali ya barabara na usalama, na mtoe habari kituoni kabla ya siku yenyewe. Msifike ghafla na basi la watoto.

Pili, mtoto mwenye mafua, homa au vipele abaki nyumbani, hata akilia. Na mtu mzima vile vile. Mkiambiwa kuvaa barakoa, vaeni mpaka mwisho.

Tatu, chakula kibaki ndani ya basi. Kuleni kabla au baada, mbali na wanyama, na mrudi na mifuko yenu ya plastiki.

Nne, wapangeni watoto watano watano, kila watano na mama wao mmoja. Kundi dogo linanyamaza. Kundi kubwa halinyamazi kamwe.

Tano, kabla ya kuondoka nyumbani, wapeni watoto kazi ya kutazama: nani anambeba nani, nani anakula kwanza, nani anacheza na nani. Mtoto mwenye kazi hatupi mawe.

Jumatatu iliyofuata, tumbili wa parsele ya jirani alikuwa bado na kamba yake. Mama wawili wa kikundi wamekwenda kuzungumza na mwenye nyumba. Hakufurahi mwanzoni, maana alimlipia yule mnyama, tena watoto wake wamemzoea. Wameongea naye mara mbili, bila vitisho. Amekubali kwamba ICCN waitwe waje kumtazama. Wakati wanasubiriwa, kamba imeondolewa kiunoni palipokuwa na kidonda, maji yanawekwa kivulini kila asubuhi, na watoto wa mtaa wameambiwa: kumtazama, ndiyo, kumrushia kitu, hapana.