Tende za Nizwa

Atokaye Maskati kwa gari, akapita pengo la Sumail baina ya majabali, hufika Nizwa, mji uliokuwa makao ya Maimamu wa Oman zama nyingi. Kwanza huona mitende, kisha ngome yenye buruji nene la mviringo, aliyoijenga Imamu Sultan bin Seif al-Yaarubi katika karne ya 17. Mitende hiyo hunyweshwa na Falaji Daris, mfereji utokao chini ya ardhi, na maji yake hugawanywa kwa zamu baina ya wenye mashamba.

Ndani ya ngome mna ghala ya tende. Sakafu yake ina vijifereji: magunia yalipopandanishwa, uzito wake uliikamua asali, ikatiririka mpaka mtungini. Wakati wa vita asali hiyo ilichemshwa, akamwagiwa adui mlangoni. Utamu nao una ukali wake!

Basi msomaji atauliza, tunda hili lina nini zaidi ya utamu? Mwili, katika kazi zake za kila saa, huzaa chembe kali ziudhuruzo kama kutu ilavyo chuma. Mimea ina vitu vya kuzizuia, na wataalamu huviita antioksidanti. Miongoni mwake ni fenoli. Mwaka 2005 ulitangazwa uchunguzi wa tende tatu za Oman, Fardhi, Khasabu na Khalasi, mbichi na zilizoanikwa juani. Rangi iitwayo anthosiani ilionekana katika zile mbichi tu. Jua lilipunguza nguvu ya antioksidanti, lakini fenoli zikazidi. Kwa hiyo tende kavu, kama zile zilizoletwa pwani yetu na majahazi ya kaskazi, si masalio matupu.

Lakini yatupasa kupambanua. Kilichopimwa ni maji ya tende katika vyombo vya maabara, wala si mgonjwa aliyepona. Wako wauzao dondoo la tende chupani wakidai latibu kila maradhi, na mwenye kisukari akawasadiki akaacha dawa zake. Huyo ajue kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari. Azile kwa kiasi alichoelezwa na tabibu wake.

Ajabu ni kuwa kokwa, tunayoitupa, ina fenoli nyingi kuliko nyama ya tende. Waomani tangu zamani huwalisha ng'ombe wao.