Maneno Matatu ya Kiingereza

Nilipokuwa mwanafunzi wa darasa la sita, hapakuwa na watu kijijini kwetu, karibu na Pangani, waliojua Kiingereza ila mwalimu wetu na sisi wanafunzi wake. Kwa hiyo kila barua iliyotoka mjini kwa lugha hiyo ililetwa kwetu tuisome. Mimi nalijivunia sana kazi hiyo. Nalijua kwa moyo ya kuwa Waingereza hubadili neno la sifa wanapolinganisha vitu: good, better, best. Nalijua pia ya kuwa sisi hatulibadili neno lenyewe, bali twasema, "Nyumba hii ni kubwa kuliko ile." Basi, kwa kuwa nalijua hayo, nalidhani najua yote.

Jirani yetu alikuwa mzee mmoja, fundi wa kushona nguo. Cherehani yake ndiyo iliyokuwa shamba lake na ng'ombe wake. Kwa hiyo alijilisha yeye na wajukuu wake wawili yatima. Siku moja cherehani ile iliharibika, ikawa yakata uzi kila mara. Mzee akaichukua kwa basi mpaka Tanga, akaiacha kwa mafundi, akarudi nyumbani kungoja habari.

Baada ya majuma mawili barua ikaja. Ilikuwa karatasi fupi yenye mistari miwili tu. Mstari wa kwanza ulisema hivi: "Your machine is as good as mended." Nalijua ya kuwa "machine" ni mashine, na "good" ni njema, na "mended" ni iliyotengenezwa. Yale maneno madogo, "as" na "as", sikuyajali kwa sababu ya udogo wake. Mstari wa pili ulikuwa na maneno nisiyoyajua kabisa. Mzee alikuwa akinitazama usoni, nami nikaona haya kusema sijui.

Nikamwambia, "Babu, cherehani yako ni njema, imekwisha kutengenezwa."

Akaniuliza, "Na huo mstari wa pili, mjukuu wangu?"

Nikajibu, "Ni salamu tu, babu."

Mzee akafurahi, akaniombea heri. Siku ile ile akapokea kitambaa cha kanzu sita za arusi, akaahidi kuzimaliza kwa Jumamosi ya juma la pili. Akakopa nauli kwa mwenye duka. Jumatatu akaenda Tanga. Jumatano jioni akarudi katika mvua, mikono mitupu.

Hakunipigia kelele. Alisema kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, cherehani nimeiona. Imefunguliwa, iko juu ya meza. Wangojea kifaa kimoja kidogo ambacho hakijafika. Nao wasema waliniandikia habari hiyo."

Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nikaichukua barua kwa mwalimu, nikamwomba anisomee mistari yote miwili. Mstari wa pili ulisema, "Usije bado, twangoja kifaa kimoja, tutakuandikia." Mwalimu akanitazama, kisha akachukua chaki, akanifundisha peke yangu, na mafundisho yale sikuyasahau mpaka leo.

Akasema, "Mizani ina vitanga viwili. Neno 'as' la kwanza ni kitanga kimoja, na la pili ni kitanga cha pili. Mtu akisema, 'This rope is as long as that one,' maana yake urefu wa kamba hii ni sawa na urefu wa ile. Vivyo hivyo, 'This cloth is as good as that,' maana yake vitambaa hivi viwili ni sawa kwa ubora. Hapana kilichomshinda mwenzake. Hapo hapana shida. Lakini angalia linalofuata. Kama baada ya 'as good as' laja neno la kazi iliyotimizwa, kama 'finished' au 'mended', basi neno 'good' halitaji tena uzuri. Maana yake ni kwamba kazi imekaribia mno kwisha, hata mtu aweza kuihesabu kama iliyokwisha. Lakini haijakwisha."

Akaendelea, "Kitu cha zamani kilichotengenezwa vema huitwa 'as good as new'. Je, ni kipya? Hasha, ni cha zamani, ila chafaa kama kipya. Na katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Waraka kwa Waebrania, mlango wa 11, maneno haya matatu yametumiwa kwa habari za Ibrahimu katika uzee wake, ya kuwa alikuwa 'as good as dead'. Je, alikuwa amekufa?"

Nikajibu, "La, mwalimu. Alikuwa hai, akapata wana."

Akasema, "Vema. Basi katika Kiswahili sema 'karibu', au 'ni kama', au 'kana kwamba', usiseme 'imekwisha'. Lakini kosa lako kubwa si hili. Maneno matatu hukuyajua, na kutojua si dhambi. Mstari wa pili ulijua ya kuwa hukuujua, nawe ukasema ni salamu."

Nikaenda kwa mzee, nikamwungamia yote. Alikuwa akishona kanzu kwa mkono. Akainyanyua mbele yangu, akauliza, "Kanzu hii imebaki upindo mmoja tu. Je, imekwisha?"

Nikasema, "Karibu, babu."

Akasema, "Bwana arusi hawezi kuivaa karibu. Haya, keti, unitungie uzi sindanoni. Usiku macho yangu hayalioni tundu."

Nikaketi. Kila jioni nilitunga uzi kwa nuru ya kibatari, naye akashona hata jogoo la kwanza. Ilipofika Jumamosi kanzu nne zilikuwa tayari. Kitambaa cha zile mbili mwenyewe alikitwaa akampelekea fundi mwingine, na ujira wake mzee akaukosa. Cherehani ilirudi mwezi uliofuata, na deni la nauli lilikuwa bado halijalipwa. Mzee aliendelea kuniletea barua zake. Jambo hilo liliniuma kuliko kama angalinikemea.

Enyi wanafunzi, mkisoma lugha ya kigeni, msiyadharau maneno madogo, maana mara nyingi hayo ndiyo yaushikayo mlango. Na mtu akikuletea barua yake umsomee, amekukabidhi macho yake. Ukifika mahali usipopajua, sema, "Hapa sijui, ngoja nimwulize mwalimu." Wazee wetu walisema, kuuliza si ujinga. Mimi nalikuwa karibu kuijua barua ile, na karibu hiyo ilimgharimu mzee kanzu mbili.